Safari ya familia kutoka Moshi kwenda Lushoto na Pangani: tupange vipi tukiwa na mzee na watoto?

Mkazi wa Rau (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Sisi ni familia ya watu wanane tunaoishi Moshi, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya mapumziko ya wiki moja katika Mkoa wa Tanga. Sababu kubwa ya safari hii ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 72, ambaye amelima kahawa na kuuza ndizi sokoni maisha yake yote na hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Anatumia dawa za shinikizo la damu, na magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi nyingi. Wengine ni mimi na mke wangu, dada yangu na mume wake, pamoja na watoto watatu, ambao mdogo wao ana miaka 6 na hutapika karibu kila anapopanda gari kwenye njia ya kona nyingi.

Mpango tulionao mpaka sasa ni huu. Siku ya kwanza tutaondoka Moshi alfajiri, tutaingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi pale Same, kisha tutapanda Lushoto kulala. Siku ya pili tutakwenda Irente, mahali pa kutazamia mandhari, na msitu wa Magamba. Siku ya tatu tutashuka hadi Tanga, tutaona mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na usiku tutalala Pangani. Siku mbili zinazofuata zitakuwa za bahari, pamoja na kisiwa cha Maziwe. Siku ya sita tutafika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Na siku ya saba tutarudi Moshi moja kwa moja. Tunafikiria kukodi Noah, na shemeji yangu ndiye atakayeendesha.

Naomba ushauri katika mambo matatu. Je, ni heri tusafiri mwezi Juni shule zinapofungwa, au mwanzoni mwa Disemba kabla ndugu walio mbali hawajaanza kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi? Je, mpango wenyewe unatekelezeka? Na ni maandalizi gani hasa yanayohitajika kwa ajili ya mama na yule mtoto mdogo, ili safari isigeuke kuwa mateso kwao wakati ilikusudiwa kuwa furaha yao?

Dereva wa Njia ya Tanga (Majengo, Moshi)

Ndugu Mkazi wa Rau, hongera kwa kumkumbuka mama. Nimeendesha magari ya abiria na ya kukodi katika njia hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu yanayohusu barabara na gari, na mengine nitawaachia wenye ujuzi nayo.

Mpango wako umejaa kupita kiasi. Umepangwa kwa kuorodhesha maeneo, kisha watu wakatafutiwa nafasi ndani yake, ilhali ungepaswa kuanza na mama na mtoto, ukajiuliza wanaweza kukaa garini kwa saa ngapi kwa siku moja, halafu maeneo ndiyo yatafutiwe nafasi. Mimi ningeondoa Mkomazi na Saadani bila kusita. Mkomazi ni hifadhi nzuri, imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008 na ina eneo maalumu la kuwatunza faru weusi, lakini lango lake la Zange liko jirani na mji wa Same, kwa hiyo mnaweza kwenda siku nyingine yoyote kutoka Moshi na kurudi jioni. Mkiingia humo siku ya kwanza, mtatoka mmechoka na mtaanza kupanda Lushoto giza likiingia, jambo ambalo simshauri mtu asiyeizoea njia ile.

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na yote ni ya lami, lakini ni nyembamba, ina kona zinazofuatana bila kupumzika, na upande mmoja una mteremko mkali. Magari yanayoshusha mboga na matunda kutoka milimani hukutana nanyi humo, na mara nyingi hushuka yakiwa na mzigo mzito. Wakati wa mvua hutokea mawe na udongo kuporomoka, na ukungu huweza kushuka ghafla. Hakikisheni mko Mombo kabla ya saa tisa alasiri, mpumzike pale, kisha mpande taratibu huku bado kuna mwanga. Katikati ya njia kuna Soni, penye maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara; simameni hapo kwa muda ili mtoto ashuke, apate hewa na kunyoosha miguu.

Kuhusu gari, Noah ya kawaida ina viti saba au vinane pamoja na cha dereva. Watu wanane wakishaenea, mizigo ya wiki nzima itawekwa wapi? Mtaipakata au mtaifunga juu, na gari lililojaa hivyo likipandishwa milima ya Usambara huchemsha, na likishuka huzichosha breki. Kodini Hiace iliyo katika hali nzuri, hata kama gharama itaongezeka, kwa sababu mama atapata nafasi ya kunyoosha miguu. Kabla ya kulipa, mpelekeeni fundi mnayemwamini akague breki na mafuta yake, matairi yote pamoja na la akiba, rejeta, wipa na taa. Kagueni wenyewe kama mna jeki na spana ya magurudumu, kizimamoto ambacho muda wake haujapita, pembetatu za tahadhari, na bima iliyo hai.

Shemeji yako ninamheshimu, lakini ningependa kujua kama amewahi kushusha gari lenye watu wengi kwenye mlima mrefu. Kanuni ni kushuka kwa gia ndogo ile ile ambayo ungepandia, injini ndiyo ilizuie gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi badala ya mguu kukaa juu yake muda wote. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Gari la gia za kujiendesha nalo lina nafasi ya gia ndogo, na huo ndio wakati wake. Kama hana uzoefu huo, kodini gari pamoja na dereva, na makubaliano yaandikwe kwenye karatasi: nani analipa mafuta, dereva atalala na kula kwa gharama ya nani, na gari likiharibika njiani mwenye gari atawapa jingine baada ya muda gani. Maneno ya mdomo husahaulika haraka sana gari linapokwama Hedaru saa saba mchana.

Jambo la mwisho ni siku ya kurudi. Kutoka Pangani hadi Moshi ni karibu kilomita 400, na barabara kuu hiyo inapita katika miji na vijiji vingi, ambako mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni siku nzima ya kukaa. Ningelala Korogwe, niondoke asubuhi nikiwa nimepumzika. Msisafiri usiku kwa kisingizio cha kuokoa gharama ya kulala.

Muuguzi Mstaafu (Njiro, Arusha)

Naunga mkono yote aliyoyasema ndugu yangu dereva, na nitaongeza yanayohusu afya, kwa sababu ndiyo huachwa hadi usiku wa kuamkia safari.

Mpelekeni mama kliniki yake wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka. Daktari aambiwe wazi kwamba atasafiri kwa gari kwa saa nyingi, na kwamba atakwenda pwani ambako joto ni kali kuliko la Moshi, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza maji mwilini, na mtu anayetoka jasho jingi huku akizitumia anaweza kupata kizunguzungu anaposimama. Huenda daktari asibadilishe chochote, lakini uamuzi huo ni wake. Dawa zichukuliwe za siku zote za safari pamoja na za siku kadhaa za ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi yenye majina na vipimo vyake, na zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuna jambo ambalo wazee wengi hulifanya kimyakimya, nami nimelishuhudia mara nyingi kazini. Mama akijua kwamba njiani vyoo ni vya shida, hataki kuwasumbua watoto wake kwa kuomba gari lisimamishwe, kwa hiyo asubuhi ya safari huacha dawa inayomfanya aende haja ndogo, na huacha pia kunywa maji. Ni hatari, hasa mkipita ukanda wa Same hadi Mombo ambako jua ni kali. Mwambieni mapema, kwa heshima, kwamba mtasimama kila baada ya saa mbili hata kama hakuna aliyeomba, na mtimize ahadi hiyo. Chagueni vituo vyenye vyoo safi vya kukalia, kwa sababu magoti yake hayataweza choo cha kuchuchumaa. Akishuka, atembee hatua chache kila mara, ili damu isitulie miguuni na kuivimbisha.

Kwa mtoto, msimpeleke kwenye kona akiwa na njaa kabisa wala akiwa ameshiba. Mpeni chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya Mombo, akae mahali anapoweza kuitazama barabara ya mbele, madirisha yafunguliwe kidogo, na asipewe simu wala kitabu wakati wa kupanda. Kuna dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari, lakini kwa umri wake ulizeni duka la dawa lenye mfamasia, msimpe dawa ya mtu mzima iliyokatwa nusu. Wekeni tayari mifuko ya karatasi au kopo lenye mfuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na msiitegemee kwa hili.

Malaria msiichukulie kwa kipimo cha Moshi mjini. Pwani ya Tanga ina mbu wengi zaidi, hivyo ulizeni kama vyumba vina vyandarua vizima, na hata mkijibiwa kwamba vipo, bebeni chenu kimoja au viwili. Jioni watoto wavae nguo za mikono mirefu. Mkisharudi, mtu yeyote akipata homa kuanzia wiki moja baada ya kuumwa na mbu, na hata wiki kadhaa baadaye, apimwe mara moja na amweleze mhudumu kwamba alikuwa pwani. Kadi za bima ya afya zisisahaulike nyumbani.

Lushoto iko kwenye urefu wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Urefu huo haumsumbui mtu aliyezoea mlima wetu, lakini usiku kuna baridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Mama apewe chumba cha chini kisicho na ngazi, chenye maji ya moto ya uhakika, na mlithibitishe hilo kwa simu kabla ya kulipa.

Mkazi wa Rau (Moshi)

Nawashukuru sana. Mkomazi na Saadani tumeziondoa, na Hiace tutaitafuta pamoja na dereva wake. Shemeji mwenyewe amekubali, na amesema afadhali akae nyuma na watoto. Bado sijapata jibu kuhusu Juni au Disemba, na sijui kama Maziwe ni mahali pa kumpeleka mama. Tafadhali, mwenye kuijua bahari atusaidie.

Binti wa Pangani (Sakina, Arusha)

Kaka, mimi nimezaliwa Pangani na sasa ninaishi Arusha, na swali lako limenigusa, kwa sababu nimewaona wageni wengi kutoka bara wakifika kwetu, wakashuka garini wakiwa na shauku, wakakuta maji yamekwenda mbali na mbele yao kuna tope na mchanga tu. Wanadhani wamedanganywa. Hakuna aliyewaambia kwamba bahari ina ratiba yake.

Nianze na msimu. Juni ni wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini na kuichafua bahari, na vyombo vidogo hupata shida ya kutoka. Hali ya hewa ni ya kupendeza kwa mtu anayekaa ufukoni, lakini kwa safari ya mashua mnaweza kukaa siku mbili mkingoja. Disemba upepo umekwisha kugeuka kuwa kaskazi. Joto ni kali, lakini kwa kawaida bahari huwa tulivu zaidi. Tatizo la Disemba ni mvua za vuli, ambazo huenda bado zinanyesha, hivyo kabla ya kuondoka ulizeni hali ya barabara ya kutoka Tanga hadi Pangani, yenye kilomita zipatazo 50, ambayo imekuwa katika ujenzi wa kiwango cha lami. Kwa ajili ya mama ningechagua wiki ya kwanza au ya pili ya Disemba. Msisubiri kupita tarehe 20, kwa sababu wakati huo njia nzima ya kuelekea Mkoa wa Kilimanjaro huwa imejaa magari ya watu wanaorudi nyumbani, na nyinyi mtakuwa mnarudi pamoja nao.

Sasa kuhusu maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili baada ya hapo, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne au saa tano ndiyo maji yamejaa, na jioni yamekupwa.

Kwa hiyo chukueni kalenda inayoonyesha mwezi, na mpange kwa kuifuata. Maziwe ni eneo tengefu la bahari, na kwa sasa ni fungu la mchanga tu ambalo huonekana maji yanapokupwa, kwa kuwa miti yake ilikwisha kutoweka miaka mingi iliyopita na mchanga ukaliwa na mawimbi. Kwenda huko kunahitaji siku za bamvua, mwondoke asubuhi na mapema, na mrudi kabla maji hayajapanda. Hakuna kivuli hata kidogo. Aidha, kupanda mashua hapa kwetu mara nyingi ni kutembea ndani ya maji yanayofika magotini au mapajani na kujivuta juu. Mama wa miaka 72 mwenye magoti mabovu asipelekwe. Wanaokwenda wahakikishe kila mmoja, mtoto kwa mkubwa, anavaa jaketi okozi inayolingana na mwili wake, na iwe imefungwa kabla mashua haijaondoka. Nahodha akisema jaketi zipo chini ya viti na zitatolewa zikihitajika, msipande.

Mama asiachwe hotelini peke yake siku hiyo wala asigeuzwe mlinzi wa mizigo. Mmoja wenu abaki naye, na afanyiwe safari yake mwenyewe ya kupanda Mto Pangani, kwa mashua inayopakilia mahali penye gati au penye ukingo wa kukanyagika. Maji ni matulivu, na pande zote kuna mikoko na minazi. Mwambieni pia kwamba maji ya mto huo yanatoka kwao. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya upande wa magharibi wa Kilimanjaro, Mto Ruvu unakusanya ya upande wa mashariki, na yote hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kutoka humo yakiitwa Pangani. Mfereji uliomwagilia kahawa yake ulikuwa sehemu ya maji hayo hayo.

Kuhusu mara yake ya kwanza kuiona bahari, nakuomba sana usiiache itokee kwa bahati. Fikeni Pangani mchana, mpumzike, aoge, ale, kisha alasiri maji yanapojaa mpelekeni mahali ambapo gari linafika karibu na mchanga, mkiwa na kiti cha plastiki chenye mgongo. Watoto wasimvute aingie majini. Akitaka, ataomba mwenyewe. Akiingia, avae viatu vya mpira, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba, na watu wawili wamshike, kwa kuwa wimbi linaporudi huchukua mchanga chini ya nyayo na mtu asiyelizoea huanguka.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na ndugu dereva kwamba Lushoto iwe ya kwanza. Tarehe za bahari zimefungwa na mwezi, lakini za Lushoto zinaweza kusogezwa. Nendeni moja kwa moja hadi Tanga siku ya kwanza, ambako ni lami mwanzo hadi mwisho, mlale hapo, kesho yake mpitie Tongoni taratibu mkielekea Pangani. Lushoto iwe ya kurudi, baada ya joto, ambapo hata uchovu utapata mahali pa kutulia, na kutoka Lushoto hadi Moshi ni safari fupi. Siku ya Mombo mtoto akitapika, hatakuwa ameiharibu safari iliyobaki.

Pangani ni mji wenye Waislamu wengi. Mavazi ya kuogelea ni ya ufukoni. Mkiingia mjini, kina mama wajitande kanga na wanaume wavae mashati. Mkisalimia kwanza kabla ya kuuliza, hakuna atakayewanyima msaada.

Dereva wa Njia ya Tanga (Majengo, Moshi)

Dada wa Pangani amenishawishi kuhusu mpangilio, kwa kuwa sikuwa nimeufikiria mwezi. Sharti langu ni kwamba siku ya kwanza muondoke Moshi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mnywe chai Same, mle chakula cha mchana Korogwe, na gari liwe limeegeshwa Tanga kabla ya saa kumi jioni. Kutoka Segera kushika njia ya Tanga ni zaidi kidogo ya kilomita 70, na hapo ndipo watu husinzia kwa sababu wanaona wamekaribia.

Mwalimu wa Historia (Old Moshi)

Naomba niongeze neno kwa ajili ya watoto, hasa yule mkubwa. Huku kwetu Old Moshi Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, mwezi Machi 1900. Miaka kumi na kitu kabla ya hapo, mwaka 1888, watu wa Pangani walikuwa wa kwanza kuwainukia Wajerumani katika vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, naye akanyongwa mjini humo humo mwezi Disemba 1889. Mtoto akisimama katika mji ule akiwa amesimuliwa habari hizo mbili kwa pamoja, ataona kwamba historia ya mlimani na ya pwani ni moja.

Mkitoka Korogwe kuelekea Muheza mtapita mashamba ya mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche aliyoiagiza iliyonusurika ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Amboni ningeiacha, kwa sababu ndani ya mapango kuna giza, utelezi na mahali pa kuinama, na mama atalazimika kusubiri nje.

Mkazi wa Rau (Moshi)

Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bahari iwe ya kwanza na baridi ya Lushoto ifuate, kwa hiyo hilo limekwisha. Aliuliza pia kama ni kweli maji ya Kikuletwa yanafika huko, na tangu hapo anawasimulia majirani.

Limebaki suala la fedha. Nyumba moja ya wageni inataka tulipe gharama yote sasa hivi ili kushikilia vyumba. Je, ni sawa?

Mweka Hazina wa Kikundi (Kiborloni, Moshi)

Kaka, usilipe yote. Kikundi chetu cha akina mama husafiri pamoja kila tunapojaliwa, na utaratibu wetu ni kulipa sehemu tu, isiyozidi theluthi moja, kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara na si la mtu binafsi, kisha kudai stakabadhi yenye tarehe za kulala, idadi ya vyumba na masharti ya kurudishiwa fedha mkiahirisha. Nyumba isiyotaka kuandika masharti hayo tunaiacha, hata kama picha zake ni nzuri.

Gawanyeni fedha katika mafungu tangu nyumbani. Fungu la gari na la malazi yawe kwa mtu mmoja, na la chakula liwe kwa mwingine, anayeandika matumizi kila jioni mbele ya wote, kwa sababu ndugu huanza kununiana siku ya tatu pale ambapo hakuna anayejua kilichobaki. Fungu la dharura liwe la kutosha kulaza familia nzima usiku mmoja zaidi na kumpeleka mgonjwa hospitali, na lisiguswe kwa kununua zawadi wala kwa kuongeza matembezi. Sehemu yake iwe taslimu, noti ndogo ndogo, kwa kuwa mtandao wa simu huweza kukatika na wakala akakosa salio saa ile ile mnayomhitaji. Chakula cha njiani cha siku ya kwanza pikeni nyumbani, na chumvi iwe kidogo kwa ajili ya mama.

Bebeni vitambulisho vya taifa vya watu wazima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye karatasi na kutiwa katika mfuko wa kila mtoto, hasa siku mtakayopita stendi na siku ya ufukoni. Na huyo mwenye nyumba ya wageni mpigie leo umuulize kama kuna chumba cha chini, kabla hamjaanza kuzungumza habari ya fedha.